Dawa Inayouma na Dawa Inayochosha

Mwaka 1862 daktari Jean-Martin Charcot alikabidhiwa wadi katika Salpêtrière, jijini Paris. Tukipaita hospitali tunapata picha isiyo sahihi. Palianza kama kiwanda cha baruti, katika karne ya 17 pakageuzwa kuwa pa kuwaweka maskini, na kufikia wakati wa Charcot palikuwa kama mji mdogo wenye maelfu ya wanawake, wengi wao vikongwe. Daktari mwenye haraka ya kupata jina asingechagua kwenda huko. Charcot alikwenda, akakaa, na kutokana na wale bibi akatoa mihadhara ambayo ni miongoni mwa ya mwanzo katika tiba ya kisasa kuhusu magonjwa ya uzeeni.

Jambo moja lilimvutia sana. Mgonjwa akipatwa na kiharusi, siku chache baadaye doa jekundu hujitokeza kwenye tako la upande uliopooza. Doa hufanya malengelenge, malengelenge hupasuka, nyama ya chini huwa nyeusi, na muda si mrefu mgonjwa hufariki dunia. Charcot alikipa kidonda hicho jina la Kilatini, decubitus ominosus, yaani kidonda cha kulalia chenye kisirani. Alifundisha kwamba chanzo chake kiko ndani, kwenye ubongo au uti wa mgongo ulioharibika, na kwamba kikishatokea ni dalili ya mwisho. Alikuwa mwalimu mwenye jina kubwa, na mafundisho yake yalisomwa mbali. Daktari aliyemwamini aliweza kukiona kidonda hicho kwa mzee, akarudisha shuka mahali pake na kwenda zake, dhamiri ikiwa safi.

Kumbe jibu lilikuwa limeshapatikana, tena na mtu anayefahamiana naye. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Mauritius, huku kwetu Bahari ya Hindi, na mwaka 1868 yeye na Charcot walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida moja la tiba. Katika miaka ya 1850 Brown-Séquard alikata uti wa mgongo wa simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, kisha akatazama. Walioachwa wakilalia sehemu moja, mkojo ukiwalowesha, walipata vidonda. Waliokingwa na mgandamizo, wakawekwa safi na wakavu, hawakupata, ingawa mishipa yao ya fahamu ilikuwa imekatwa vilevile. Kilichokuwa kikitoboa ngozi ni uzito wa mwili na mkojo. Kisirani hakikuwamo.

Ninaikawiza hadithi hii kwa sababu hukumu ya Charcot bado inaishi majumbani mwetu bila jina lake. Huku kwetu inasema hivi: ni uzee tu. Babu ana kidonda kisigino, ni uzee tu. Bibi amechubuka mkono na wiki ya nne haujapona, mwili umechoka, ni uzee tu. Anayesema hivyo mara nyingi hana ubaya. Anampenda mzee wake, na ameshachoka kutazama.

Upande wa pili wa bahari, Mwingereza Florence Nightingale alikuwa amesema kinyume kabisa miaka mitatu kabla Charcot hajaingia Salpêtrière. Kitabu chake kidogo kuhusu uuguzi, cha mwaka 1859, wengi hudhani kiliandikwa kwa ajili ya wauguzi wa hospitali. Kiliandikwa kwa ajili ya wanawake wa kawaida wanaouguza watu wao nyumbani. Humo aliweka vidonda vya kulalia katika orodha ya mambo ambayo, kwa kawaida, lawama yake haiendi kwa ugonjwa bali kwa uuguzi. Alikuwa sahihi kuliko Charcot, lakini angalia usahihi wake ulimwangukia nani. Charcot aliwaondolea watu wote lawama, Nightingale akaibeba yote na kuitua kichwani kwa mwanamke aliyekaa kando ya kitanda. Hakuuliza sana huyo mwanamke analala saa ngapi. Nitalirudia hilo.

Kuna imani nyingine iliyomwandama mzee mwenye kidonda, nayo ni ya zamani zaidi: kwamba dawa nzuri ni ile inayouma. Karibu mwaka 1537, katika vita vya Wafaransa kaskazini mwa Italia, madaktari wa upasuaji waliamini kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti na dawa yake ni mafuta yanayochemka. Kijana mmoja mgeni katika kazi hiyo, Ambroise Paré, aliishiwa mafuta majeruhi wakiwa bado wamejaa. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Ameeleza mwenyewe kwamba usiku ule hakupata usingizi, akihofu kwamba asubuhi angewakuta wamekufa kwa sumu. Alipoamka mapema kwenda kuwaona, waliopakwa ule mchanganyiko walikuwa wametulia, maumivu kidogo, uvimbe hakuna. Waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, wamevimba, wanalia. Aliapa kutowachoma tena watu wenye majeraha ya bunduki.

Ungedhani mjadala ulikwisha hapo. Haukwisha, na safari hii sababu ilikuwa ya heshima. Mwaka 1865 mjini Glasgow, Joseph Lister, aliyekuwa amesoma kazi za Louis Pasteur kuhusu vijidudu, alimtibu mvulana wa miaka 11 aliyevunjika mguu hadi mfupa ukatoboa ngozi. Kwa kawaida ya siku zile mguu ungekatwa. Lister alifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, kemikali iliyokuwa ikitumika kuondoa uvundo wa maji machafu katika mji wa Carlisle. Mguu ulipona. Mwaka 1867 alichapisha matokeo yake, na upasuaji haukurudi tena ulivyokuwa. Vijidudu vilikuwa vimepata jina na dawa. Mwaka 1879 Wamarekani walitengeneza dawa ya majimaji ya kuua vijidudu wakaiita Listerine kwa kumuenzi. Ndiyo hiyohiyo watu wanasukutulia kinywa hadi leo.

Kwa mikono ya daktari, kwa visu na nyuzi, Lister alikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kinachoua kijidudu hakijui kutofautisha kijidudu na nyama ya mwenye kidonda. Hilo lilionekana wazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mjini Boulogne, Ufaransa, ambako Almroth Wright aliweka maabara ndani ya jengo la kasino. Pamoja naye alikuwa Alexander Fleming, miaka mingi kabla ya kugundua penisilini. Fleming alichukua chupa ya maabara, akaiyeyusha na kuivuta iwe na pembe pembe za ndani, mfano wa jeraha la kombora lenye vichochoro. Akaijaza vijidudu, akamimina dawa kali, akaimwaga, akaweka virutubisho vipya. Vijidudu vilirudi vyote. Dawa haikufika vichochoroni. Mbaya zaidi, ndani ya nyama halisi dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kabla hazijawamaliza adui. Wright na Fleming walishauri jeraha lisafishwe kwa maji ya chumvi. Madaktari wengi wa jeshi hawakuwasikiliza. Ni vigumu kumwambia mtu anayetazama jeraha linalonuka kwamba chumvi na maji vinamtosha.

Haidrojeni peroksaidi ndiyo iliyopata marafiki wengi zaidi majumbani, na ninaelewa kwa nini. Inachemka. Ukiimwaga kwenye kidonda inatoa povu jeupe, na anayetazama anaona uchafu ukitolewa kwa macho yake. Lakini povu lile ni kimeng'enya kilichomo ndani ya damu na seli zetu kikiivunja dawa kuwa maji na oksijeni. Kidonda safi kabisa kingetoa povu vilevile.

Huku kwetu dawa inayouma iliingia kwa mkono wa mtu aliyeitwa dresa. Wakati wa Waingereza Tanganyika, tangu miaka ya 1920, vijana walifundishwa kwa muda mfupi kusafisha na kufunga vidonda, kisha wakapelekwa kwenye zahanati ndogo chini ya serikali za wenyeji. Kazi haikuwaishia. Watu walikuja na buba, na majeraha ya jembe na panga, na vile vidonda vikubwa vya miguu ambavyo Kiswahili kinaviita donda ndugu, jina linalosikika kana kwamba kidonda kimekaa mwilini hadi kikawa jamaa. Dresa alikuwa na aidini, alikuwa na pamba. Baadaye ikaja GV, ile rangi ya zambarau ambayo waliosoma shule za msingi wanaikumbuka kwenye magoti ya wenzao. Ushauri ulikuwa mmoja: kausha, kausha, kausha.

Nisiwaonee. Mgonjwa aliyetembea kutwa nzima kufika zahanati na kurudi hakuwa na bandeji ya kubadilisha nyumbani. Kulikuwa na nzi, vumbi na maji ya bwawa. Kigaga kigumu juu ya kidonda ni bandeji ya bure, hakihitaji kufuliwa. Kwa kijana mwenye damu inayokimbia, kidonda kikikauka hupona. Shida ni kwamba ushauri uliofaa kwa goti la mtoto wa shule ulirithiwa nyumba kwa nyumba hadi ukafika kwenye mguu wa bibi wa miaka 82, na mguu huo ni kitu kingine.

Mwaka 1962, karne moja baada ya Charcot kuingia Salpêtrière, mambo mawili yalichapishwa Uingereza bila kelele. Ndiyo miezi ambayo Tanganyika ilikuwa inajiandaa kuwa jamhuri na Uganda inapandisha bendera yake, kwa hiyo si ajabu kwamba huku hatukuwa tukisoma habari za nguruwe.

Habari zenyewe zilikuwa za nguruwe. George Winter aliwafanyia nguruwe wachanga vidonda vidogo vya juu juu, vingine akaviacha wazi vikauke, vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya nailoni isiyopitisha unyevu. Alichagua nguruwe kwa sababu ngozi yao inafanana na yetu. Vilivyofunikwa vilifunga ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili. Ukikitazama kidonda kwa ukaribu sababu yake inaeleweka. Ngozi mpya huanzia pembeni, seli zikitambaa kuelekea katikati. Juu ya ute zinateleza. Kidonda kikikauka, nyama ya juu hufa na kuwa kigaga, na seli zinalazimika kuchimba njia chini yake, mahali ambapo bado kuna unyevu. Kigaga tulichokuwa tukikisubiri kwa furaha ni kama jiwe lililoangukia barabarani. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Hinman na Maibach, walilithibitisha jambo hilo kwa binadamu.

Unyevu, lakini si kuloa. Kidonda kinachoogelea huoza pembeni, ngozi ikawa nyeupe na laini kama ya mtu aliyefua kutwa. Na kuna kidonda ambacho hadi leo huachwa kikavu kwa makusudi: kidole au kisigino kilichokufa na kuwa cheusi kwa kukosa damu, kikiwa kigumu na hakina usaha. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari, si wa kulainishwa nyumbani.

Chapisho la pili la 1962 lilitoka kwa muuguzi. Doreen Norton, akishirikiana na Rhoda McLaren na daktari Norman Exton-Smith, alichunguza wazee waliolazwa hospitalini. Kwa miongo mingi wauguzi wa Uingereza walikuwa wakisugua migongo na makalio ya wagonjwa kwa sabuni na spiriti, na kila wadi ilikuwa na mchanganyiko wake wa siri. Norton alitaka kujua ni upi unaofanya kazi. Akakuta kwamba kinachopunguza vidonda ni kumgeuza mgonjwa kwa ratiba. Vya kupaka havikuwa na maana kubwa. Alitengeneza pia kipimo kisichohitaji mashine yoyote: hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kama mkojo na choo vinazuilika. Kila kimoja kina alama 1 hadi 4. Mzee mwenye jumla ya 14 au chini kati ya 20 yuko hatarini, na hatari hiyo inajulikana kabla ngozi haijaguswa na chochote. Linganisha na Charcot, aliyengoja doa litokee ndipo atabiri.

Kugeuza kwenyewe kulikuwa kumeshajaribiwa, ila kwa vijana. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua kitengo cha waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kabla yake, askari wa namna hiyo walitarajiwa kufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na alikuwa na tabia ya kutokea wadini usiku wa manane kuhakikisha. Waliishi. Baadhi yao walishika upinde na mishale, na kutokana na michezo hiyo ikazaliwa Paralimpiki. Dunia inaikumbuka michezo. Waliokuwa wakigeuza usiku hawana medali.

Sasa ngozi ya mzee. Ngozi yetu ina tabaka la juu na la chini, na ujanani matabaka hayo hushikana kwa mikunjo inayoingiana, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Miaka inavyokwenda mikunjo hiyo husawazika. Viganja viwili vilivyowekwa bapa kimoja juu ya kingine huteleza kwa msukumo mdogo, na hivyo ndivyo ngozi ya mkono wa bibi inavyochanika kwa kugonga kona ya meza, au kwa pete ya mtu anayemsaidia kuinuka, au kwa plasta ikibanduliwa kwa haraka.

Kwetu, mwaka jana, ilikuwa ukingo wa mlango. Kipande cha ngozi kilifunuka mkononi kama ukurasa wa kitabu, damu ikachirizika hadi kiwikoni. Baba mdogo alikuwa tayari ameshika chupa ya spiriti na mkasi, akate kile kipande kwa sababu "hicho kimeshakufa." Shangazi alimzuia. Akakandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikakata, akamwagia maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa.

"Dada, maji matupu yatamsaidia nini mama?"

"Weka hiyo chupa. Niletee pamba, uiloweshe kwanza."

Kwa pamba iliyolowa alikirudisha kile kipande polepole, kama mtu anayenyoosha mkunjo wa kanga, hadi kikafunika mahali kilipotoka. Ngozi hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote, na ikirudishwa mapema inaweza kushika tena. Juu yake akaweka shashi yenye mafuta isiyoganda kwenye kidonda, akaizungushia bandeji bila kubana. Hakuna gundi yoyote iliyogusa ngozi. Kisha akachukua kalamu na kuchora mshale juu ya bandeji. Mshale ule huonyesha upande wa kuivuta siku ya kubadilisha, ili kipande kisifunuliwe tena. Alijifunza kwa muuguzi wa zahanati, na baada ya siku tatu alimpeleka bibi kwa muuguzi huyohuyo akaangaliwe na kuulizwa habari za chanjo ya pepopunda, ambayo wazee wetu wengi hawakuwahi kuimaliza.

Baba mdogo alisema jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Alisema: mbona hata halii? Kwa maana kwamba dawa ambayo mgonjwa hailalamikii haijaingia.

Imani hiyo inaua zaidi kwenye miguu ya wenye kisukari, kwa sababu huko maumivu yenyewe yameshaondoka. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, wagonjwa wa kisukari waliacha kufa mapema, wakaishi vya kutosha kupata matatizo ya miguu. Mwaka 1934 Elliott Joslin wa Boston aliandika kuhusu donda la namna hiyo na kukataa kuliona kama kadari. Alilitafuta duniani, kwenye viatu, kucha na miguu isiyooshwa, akaanza kuwafundisha wagonjwa wake kuitunza. Somo la ganzi lilitoka kwingine. Kuanzia miaka ya 1940 daktari Paul Brand, kule Vellore, India, alichunguza kwa nini wagonjwa wa ukoma hupoteza vidole. Watu walidhani nyama yao inaoza yenyewe. Aligundua kwamba nyama yao ilikuwa nzima, ila haikuwa na habari. Mtu alikanyaga msumari na kutembea nao, alishika sufuria ya moto, alitembelea kidonda kilekile siku nzima kwa sababu hakuna kilichomwambia achechemee. Baadaye Brand alihamia Marekani, na aliyoyajua kwa wenye ukoma yakawafaa wenye kisukari.

Tanzania ilichukua somo hilo mapema kuliko wengi wanavyojua. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioongoza mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi kutoka mikoani kazi ya miguu: kukagua, kukata sugu, kusafisha, kuondoa uzito kwenye kidonda. Waliwafundisha wawili wawili, daktari na muuguzi wa kituo kimoja, jambo ninalolipenda kuliko mengine yote katika mradi ule. Kwa mtu wa nyumbani kanuni ni fupi. Mzee mwenye kisukari hukaguliwa nyayo kila siku, na katikati ya vidole, na kidonda chochote cha mguu hakingojwi hadi Jumatatu. Kwa mzee yeyote, kidonda kinachonuka, kinachotoa usaha, kinachozungukwa na uvimbe wa moto unaopanuka, au mwenyewe akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kama wiki kadhaa zimepita na hakipungui, kuna kitu chini yake: sukari, damu isiyofika, lishe duni, hata saratani. Mguu uliovimba wenye kidonda juu ya kifundo mara nyingi huhitaji kufungwa bandeji ya kubana, lakini mguu huohuo, kama mishipa ya kuleta damu imeziba, utauawa na bandeji hiyo. Kwa hiyo damu hupimwa kwanza, na fundi wa kupima si jirani.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vilivyotufikia havikulisema vizuri. Doa la Charcot lilikuwa jekundu kwa sababu wale bibi walikuwa weupe. Vizazi vya wauguzi wa Kiafrika vimefundishwa kutafuta wekundu kwenye ngozi ambayo haiwi nyekundu. Kwa bibi yangu dalili ya kwanza itakuwa sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau, au yenye joto au ubaridi tofauti na pembeni, au ngumu, au laini kupita kiasi ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Kwa hiyo mkono unajua kabla ya jicho, na mkono haujui chochote kama shuka halifunuliwi: visigino, nyonga, mfupa wa mkia, viwiko, nyuma ya kichwa.

Narudi kwa mwanamke wa Nightingale. Saa 2 za Guttmann zilitoka kwenye wadi yenye zamu. Nyumbani zamu ni mtu mmoja, mara nyingi binti ambaye hakuolewa au aliyerudi, au mkwe, au msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ni uuguzi. Nadhani ndiyo sababu chupa ya spiriti haiondoki kabatini. Inauzwa kwa bei ndogo, inachukua dakika moja, mgonjwa analia, na kila mtu anaona kwamba kitu kimefanyika. Kugeuza hakuonekani. Ukifanya vizuri mwaka mzima, matokeo yake ni ngozi ile ile iliyokuwapo mwaka jana, na hakuna mgeni atakayeisifu.

Bibi aliacha kuinuka mwenyewe mwezi wa sita. Shangazi alianza na kila baada ya saa 2, alivyosikia inavyotakiwa, na baada ya majuma matatu alikuwa anasinzia akiwa amesimama jikoni. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliofanyika katika nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada. Wazee waliolala kwenye magodoro ya povu zito waligawanywa: wengine waligeuzwa kila baada ya saa 2, wengine 3, wengine 4. Idadi ya vidonda haikutofautiana kwa maana. Tulichanga, godoro la sufi likatoka, likaingia la povu zito, mto mmoja ukawekwa chini ya ndama za miguu ili visigino vielee. Muuguzi alikuja kutazama ngozi, akakubali ratiba mpya ilimradi ikaguliwe kila anapogeuzwa. Imebandikwa ukutani kwa maandishi ya shangazi: saa nne usiku, saa nane, saa kumi na mbili alfajiri. Ya saa nane ni ya baba mdogo. Anamgeuza, anapitisha mgongo wa mkono kwenye nyonga na visigino, anaweka alama ya vema, anazima taa.